Matanga ya Sabaha

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
12 Februari 1978

Mwanangu Augustino,

Pokea salamu zangu, nyingi kama samaki wa Feri siku ya neema. Mimi mzima, miguu mizima, sauti ndiyo usiseme. Mwalimu wetu wa kisomo anasema salamu katika barua zisizidi mistari mitatu, ndipo mtu aingie kwenye dhumuni. Lakini mwalimu huyo watoto wake wanalala chumba cha pili, hana aliye Tabora. Mimi nitasalimia mpaka nitosheke.

Mkwe wangu Elieshi hajambo? Mbona safari iliyopita salamu zake ulizifupisha, "Elieshi anakusalimia" basi, kama tangazo la redio? Mwambie kile kitenge alichonitumia nilikivaa kanisani. Walioniuliza nimekitoa wapi niliwajibu wote, na wasiouliza niliwajibu pia. Kazi ya reli inaendaje? Hapa mtaani nimewaambia treni ya Tabora haiondoki mpaka wewe upige saini. Kama si kweli usinisahihishe.

Habari kubwa: nimefaulu kisomo, hatua ya nne. Mwalimu aliinua daftari langu darasa zima walione, akasema, "Mwandiko ni huu." Siwema, mpangaji wangu wa chumba cha mbele, alikaa kimya siku nzima kwa wivu, ingawa ni shoga yangu na yeye alisoma shule kabisa mpaka darasa la saba.

Sasa dhumuni. Unalikumbuka lile ghorofa la ubavuni kwetu, ambalo tajiri aliyelijenga aliandika jina la mkewe juu ya mlango, SABAHA? Siku hizi liko chini ya ofisi moja ya serikali hapo mjini. Vyumba wamevikata kwa mbao. Palipokaa familia moja sasa zimo nne. Na karo ni lile lile, shimo lile lile la maji machafu lililochimbwa wakati watu ni wachache. Limejaa, mwanangu. Maji yanatoka, yanashuka kwenye ujia wetu, yanapita mbele ya baraza yangu, hayabagui dini wala kabila.

Mzee Kitwana, mjumbe wetu wa nyumba kumi, aliandikia ofisi. Jibu likaja: "Suala lenu linashughulikiwa." Akaandika tena, likaja lile lile. Sasa Siwema akifungua dirisha asubuhi ananiambia, "Mama Augustino, leo linashughulikiwa mpaka uvunguni."

Usipate wasiwasi. Nimekuandikia upate habari tu, na uone herufi zangu zilivyosimama.

Mama yako mwenye cheti,
Selina


Tabora,
27 Februari 1978

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika nami nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Hongera sana kwa cheti. Nilimwonyesha Marcelino, gadi wa treni ambaye hukuletea mizigo yangu, akaniuliza ni mwalimu wa shule gani aliyeandika. Nilipomwambia ni mama yangu hakuamini.

Sisi hapa wazima. Elieshi hajambo, anapumzika zaidi siku hizi. Joto la huku unalijua.

Mama, hilo la karo si la kuchekea. Redio inatangaza kipindupindu kila jioni, na wewe unakaanga samaki hatua chache kutoka kwenye maji yale. Nimefikiri sana. Nyumba tuliyopewa na kazi ina chumba kitupu kinachotazama mashariki kama upendavyo. Vyumba vya hapo tuvipangishe vyote, Mzee Kitwana akusanye kodi, nawe uje ukae nasi. Si kutembea. Kukaa.

Ninasema kwa heshima, lakini ninasema: hama.

Mwanao,
Augustino


Kariakoo,
15 Machi 1978

Mwanangu Augustino, msomi wangu,

Salamu zikufikie ukiwa umekaa vizuri, maana haya ni marefu. Hapa hatujambo. Mvua zimeanza kujaribu. Mahindi ya Siwema ya kwenye debe yameota, anayaita shamba. Kanisani wamenipa nisome tangazo la wiki, nikalisoma bila kukwama. Padre akasema asante mara mbili.

Nimefurahi huyo Marcelino hakuamini. Akija safari nyingine nitamwandikia mbele ya macho yake.

Sasa sikiliza. Nilimwambia Mzee Kitwana, "Karatasi haina miguu, twende wenyewe." Tukaenda ofisini, yeye na kanzu yake ya Ijumaa, mimi na kitenge cha Elieshi. Tukakalishwa kwenye benchi mpaka nikajua majina ya makarani wote. Tulipoingia kwa meneja, nikaona kibao mezani: KIHWELE. Moyo wangu ukacheka. Mhehe! Augustino, wewe umezaliwa mjini lakini mambo haya unayajua: Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona watukanane tu, na sisi tusi letu ni kwamba wao hula mbwa. Nikamwambia kwa furaha, "Kumbe ni wewe, Mhehe! Basi ndiyo maana mbwa wa mtaa huu hawaonekani."

Mzee Kitwana alitaka kuingia chini ya meza. Na yule bwana hakucheka. Akapanga kalamu zake, akasema, "Mama, ofisini hakuna utani. Suala lenu linashughulikiwa." Sura yake si mbaya, Augustino. Ana macho ya mtu aliyelelewa. Lakini ameingia ndani ya suti ya Kaunda akafunga vifungo vyote, hatoki.

Nikamuuliza, "Umewahi kufika Narung'ombe ukaliona hilo karo?" Akasema taarifa anazo kwenye faili. Faili halinuki, mwanangu.

Sasa tumekubaliana, watu wa mtaa wote na wapangaji wa Sabaha wenyewe, maana wao ndio wanakanyaga zaidi, twende tukasimame mbele ya ofisi mpaka atoke.

Kuhusu lile neno lako la mwisho, lile moja, miwani ilikuwa na ukungu. Lakini kwa kuwa wewe ni mtoto wangu wa pekee na sitaki ulale na kinyongo, nakupa ahadi. Nyumba hii mimi na marehemu baba yako tuliikandika kwa mikono, ukiwa mgongoni kwangu. Masika yakiisha na karo bado linatapika, nitafunga mizigo nipande treni, na sitasema neno. Masika yakiisha na karo limepona, neno hilo usiniandikie tena mpaka nife. Tumekubaliana?

Mwambie Elieshi asipumzike sana, mwili unazoea.

Mama yako,
Selina


Tabora,
2 Aprili 1978

Mama,

Shikamoo. Tumekubaliana. Na mimi nitakukumbusha ahadi hiyo, kwa hiyo itunze barua hii.

Lakini hilo la kusimama mbele ya ofisi, tafadhali acha. Watu hawakusanyiki tu hivi hivi, Mama. Kunahitajika kibali, na kibali hamtapewa kwa ajili ya kumsema meneja. Watakuja askari, watauliza kiongozi ni nani, na ninajua nani atainua mkono. Mjini siku hizi watu wanaokusanyika bila kuulizwa na mtu ni wafiwa tu. Nje ya msiba, kila mkusanyiko una maswali. Nami ni mtumishi wa umma, jina letu ni moja. Fikiria na hilo.

Elieshi anasema angependa sana ungekuwa karibu, hasa miezi hii. Usiniulize kwa nini "hasa". Mengine hayaandikiki.

Marcelino atakuletea asali ya huku, kopo moja lako na dogo la Bi Siwema.

Mwanao,
Augustino


Kariakoo,
20 Aprili 1978

Mpendwa Augustino,

Salamu. Natumai u mzima wa afya. Mimi pia ni mzima.

Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba asali imefika. Mvua ni kubwa na bonde la Jangwani limejaa maji. Nina kazi nyingi hivyo siwezi kuandika zaidi. Msalimie Elieshi.

Ni mimi mama yako,
Selina


Tabora,
29 Aprili 1978

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimepokea karatasi yenye jina lako chini yake.

Mama, salamu zake ni mistari mitatu. Hakuna hata jirani mmoja aliyesemwa. Hujaniambia nani kasifu nini. Herufi zimelala upande kama za watu waliosoma shule, na zako zinasimama wima. Bi Siwema ana mwandiko mzuri, mpe salamu zangu na umwambie nimeutambua.

Tangu barua hiyo ifike sili vizuri. Wewe huwezi kumpa mtu mwingine kalamu yako. Una nini?

Labda nikuanzie mimi, ili nawe useme. Elieshi ana mimba. Mwaka jana alikuwa nayo nyingine, ikatoka, hatukukuambia kwa sababu yeye hakutaka itajwe. Hii imekaa. Daktari amesema atulie, ndiyo maana hayo mapumziko na hizo salamu fupi. Akianza kukutumia salamu ndefu analia. Mama yake hayupo duniani, unajua. Kila siku ananiuliza, "Mama amesema anakuja lini?" Nami sikutaka uje kwa kutuonea huruma. Nilitaka uje kwa sababu ya karo. Nimekosea hesabu.

Sasa niambie.

Mwanao,
Augustino


Kariakoo,
10 Mei 1978

Mwanangu,

Umeona herufi hizi? Kubwa kama za kibao cha duka, zimepinda, lakini ni zangu. Naandika kwa mkono wa kushoto. Nitafutie mtaa mzima huu, nitafutie mpaka Magomeni, ni mama gani anaandika kwa mikono miwili.

Wa kulia upo kwenye plasta. Niliteleza kwenye ujia, pale pale palipo na maji yao, na beseni la samaki kichwani. Nilianguka vizuri, samaki ndio walioanguka vibaya. Siwema aliniomba akuambie, nikamkatalia, ndiyo maana barua yake ilikuwa kavu. Alikasirika nami akaniandikia kama anamwandikia mkopaji. Usimlaumu.

Kwa hiyo nakubali nilificha. Na wewe ulificha. Mimi mkono, wewe mjukuu. Nani ana kosa kubwa, tutalipima siku tukikaa.

Nilijua lakini. "Anapumzika", "joto la huku". Augustino, mimi niliona lini mwanamke wa Kilimanjaro akipumzika? Nilikaa nalo moyoni tangu Machi, sikumwambia mtu, isipokuwa Siwema, na Siwema hakumwambia mtu isipokuwa mtaa. Wote wanakupa hongera. Mwambie Elieshi hivi, umsomee maneno yenyewe: mama yake ni mimi, na ninaishi.

Ulichotaka kuniuliza sitakijibu leo. Masika hayajaisha na ahadi ni ahadi. Kushoto kumechoka. Lakini jua kwamba ile barua yako ya Aprili niliisoma barazani mbele ya watu, ile sehemu ya vibali, na wote walisema elimu haijapotea bure kwako. Umetupa akili kubwa. Kuna kitu kinapikwa.

Mama yako,
Selina


Tabora,
Jumatatu, 22 Mei 1978

Bi Siwema,

Shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu sijui tena nimwandikie nani.

Marcelino amefika jana jioni na treni. Anasema Jumamosi alikuja kuacha kifurushi kwa Mama, akakuta ujia umetandikwa mikeka, wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanaume wamekaa upande wao, vilio vikubwa, sufuria jikoni. Alikuwa anachelewa treni. Akauliza mtu wa pembeni, akaambiwa, "Ni matanga, nyumbani kwa Mama Augustino." Hakumwona Mama. Alitafuta sana kumwona akashindwa, akaja kuniambia huku ameshika kofia mkononi.

Naomba uniambie kwa ufupi. Kama ni yeye, usinifiche kama mlivyonificha mkono. Nimeomba ruhusa kazini. Naondoka na treni ya Ijumaa. Elieshi sijamwambia.

Marcelino anarudi huko na barua hii. Mpe jibu mkononi.

Augustino


Kariakoo,
Jumatano, 24 Mei 1978

Augustino, Augustino, mwanangu,

Usipande treni. Niko hai, nimekula sasa hivi. Hakufa mtu. Amekufa Sabaha.

Siwema alipofungua barua yako aliketi chini, akanipa. Nami niliposoma nililia, mimi ambaye Jumamosi nzima nililia bila chozi. Marcelino hakuniona kwa sababu nilikuwa nimefunikwa khanga mpaka usoni, mfiwa mkuu. Nisamehe kwa hizo siku mbili. Sasa kaa nikusimulie, kwa sababu jambo lenyewe umelianzisha wewe.

Uliandika kwamba wanaokusanyika bila kuulizwa ni wafiwa tu. Nilikaa na maneno hayo na plasta yangu mapajani. Nikakumbuka na ya yule Mhehe: ofisini hakuna utani. Sawa. Ofisini hakuna. Na msibani je? Msibani utani ndiyo kazi. Kwetu mtu akifa, mtani ndiye anayeitwa kwanza. Ndiye anayechekesha wafiwa, ndiye anayechimba kaburi, na utamsema utakavyo, hana ruhusa ya kukasirika.

Nikamwita Mzee Kitwana. Akaniambia, "Mama Augustino, mimi ni mjumbe. Msiba bila maiti?"

Nikamwambia, "Maiti si yule pale, ghorofa tatu. Ananuka tangu Februari hatujamzika."

Akacheka mpaka akavua kofia. Nikamwambia mwanangu wa reli ndiye aliyeagiza hivi, kwa barua. Hapo akakubali. Usikunje uso, sikutaja cheo.

Jumamosi tukatandika. Wapangaji wa Sabaha walishuka na mikeka yao na mkaa wao. Siwema akaanza kulia. Sikujua ana kipaji kile. Alilia mpaka watu wa mtaa wa pili wakaja na sukari. "Sabaha wee, ulikuwa mpana, ulitubeba wote, leo umetuacha na tumbo lako." Wengine walianza kulia kwa kucheka, ukiwa mbali huoni tofauti.

Akaja askari mmoja, kijana. Alipoona mikeka akavua kofia.

"Poleni. Nani aliyetutoka?"

"Sabaha," nikamwambia.

"Aliugua nini?"

"Tumbo. Lilijaa, likafurika, ofisi ikasema linashughulikiwa."

Akasema, "Mungu amlaze pema," akamwachia Mzee Kitwana rambirambi, akaenda zake. Mzee Kitwana ameifunga kwenye leso, anasema hawezi kuila, atamtafuta amrudishie.

Jumatatu asubuhi Siwema akaenda ofisini na macho yake mekundu ya vitunguu. Hakuzungumza habari ya karo. Akamwambia Kihwele, "Kuna msiba kwa Wangoni, Narung'ombe, na mtani wa kuchimba kaburi hayupo. Wamekutaja wewe." Basi. Akatoka.

Augustino, alikuja. Hapo ndipo nilipompenda. Angeweza kusema ana kikao. Alikuja kwa miguu yake na karatasi ya sukari mkononi, uso umeinama kama inavyotakiwa, akaanza kuingia kwenye ujia. Hatua ya tatu akasimama. Akatazama viatu vyake. Akatazama maji. Nikaona pua yake inasoma lile faili.

Hata hivyo akaja mpaka mkekani, akakaa, akanipa mkono. Akaona plasta. "Pole, Mama. Mkono umefanyaje?"

"Niliteleza hapo ulipokanyaga."

"Na marehemu ni nani?" akauliza.

Nikanyoosha mkono wa kushoto juu, kwenye jina lililoandikwa mlangoni. Akalisoma. Siwema akaacha kulia. Niliogopa, mwanangu, nakuambia wewe tu. Nilifikiri atasimama, ataita watu, na nitakuwa nimekuharibia kazi na nimepoteza nyumba ya baba yako siku moja.

Akasema polepole, "Mama, mimi nilikwambia ofisini hakuna utani."

Nikasema, "Mwanangu, hapa ofisini?"

Akatazama mikeka. Akafungua kifungo cha juu cha suti. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Wangoni bwana. Mlikimbia kutoka kusini ya mbali mkavuka mito yote na ng'ombe na wake, leo kijito cha choo kinawashinda kuvuka."

Ujia ukalipuka. Nikamwambia, "Tulikimbia tukachoka, Mhehe. Na leo mbwa tumewafungia ndani, kwa hiyo ukiona njaa kuna wali." Akacheka, meno yote nje, nikaona kumbe ni kijana tu, umri wako.

Nikaita jembe likaletwa. Nikamwambia, "Mtani, kazi yako unaijua. Kaburi litakuwa pale uani kwa Sabaha, pembeni ya karo la zamani, na liwe refu, marehemu ana tumbo kubwa." Akavua koti akampa Mzee Kitwana alishike. Akavua viatu. Akachimba, Augustino. Hakuchimba kwa kuonyesha. Alichimba mpaka shati likashikana na mgongo, na kila akipumzika wanawake wanamwimbia, naye anatujibu matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua. Kisha akaegemea jembe akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kila mwezi nilikuwa natia saini kwamba linashughulikiwa. Sikuwahi kuja." Nikamwambia, "Sasa umekuja, chimba."

Alipotoka alidai ada yake, haki ya mtani. Nikampa kichwa cha samaki, changu mkubwa, cha kukaanga. Akakila pale pale amesimama.

Jana walikuja mafundi wenye matofali na gari la kunyonya. Leo wanaendelea na shimo alilolianzisha. Zile mbao za vyumba bado zipo, na Kihwele anasema hilo ni la wakubwa wake. Nimemwambia tuna mikeka ya kutosha.

Mpe Marcelino pole kwa kumtisha. Namtuma na barua hii akimbie. Mwambie Elieshi mama yake yupo.

Selina, wa kushoto


Tabora,
3 Juni 1978

Mama yangu,

Shikamoo. Marcelino alinikuta nimeshafunga begi. Nilisoma pale pale jukwaani, na abiria wakanitazama nilivyocheka na kufuta uso. Kisha nikakasirika. Kisha nikamsomea Elieshi, naye ameniomba nisome ile sehemu ya kichwa cha samaki kila siku. Ndiyo dawa yake sasa.

"Mwanangu wa reli ndiye aliyeagiza." Mama. Nitaishi na hilo.

Sikujibu mara moja kwa sababu kuna jambo nilitaka kuhakikisha. Usikasirike: nilimwomba Marcelino akifika huko aingie kwenye ujia, aende mpaka uani kwa Sabaha, atazame kwa macho yake, arudi aniambie. Amerudi jana. Anasema shimo jipya limefunikwa zege, ujia ni mkavu, na mvua ilinyesha akiwa pale pale, hakuna kilichotoka. Anasema ulimpa wali na ukamwandikia jina lake mbele ya macho yake.

Kwa hiyo masika yameisha, na karo limepona. Lile neno sitaliandika tena.

Badala yake nina ombi. Daktari amemruhusu Elieshi kusafiri mwezi huu, kabla hajawa mzito zaidi. Tumezungumza. Nilipanga wewe uje kwetu, yeye akaniuliza, "Kwa nini sisi tusiende kwa Mama?" Zamani jibu lilikuwa karo.

Anaomba ajifungulie mikononi mwako, akae siku zake za uzazi hapo. Nitamsindikiza na kurudi kazini. Je, utampokea?

Mwanao,
Augustino


Kariakoo,
14 Juni 1978

Mwanangu Augustino,

Plasta imetolewa. Hizi ni herufi za kulia, zimekonda kidogo lakini zimesimama. Salamu leo nazifupisha mimi, kwa sababu nina kazi.

Unaniuliza kama nitampokea. Swali hilo umelitoa wapi? Hapa mtaani nimeshatangaza. Siwema anashona nepi, Mzee Kitwana amekataza watu kuosha vyombo ujiani, na Kihwele alipita akasema mtoto akiwa wa kike ni mchumba wake. Nimemfukuza na mwiko, kama inavyostahili.

Chumba cha kati nimekipaka chokaa. Kitanda nimekigeuza, kichwa kiwe upande wa dirisha, apate hewa.

Asubuhi hii, kabla sijakaa kuandika, nilivua kandambili. Nikatoka barazani peku, nikaufuata ujia wote mpaka mlango wa Sabaha, nikarudi peku, taratibu, kama atakavyotembea mtu mwenye tumbo. Kisha nikainua nyayo zangu nikazitazama. Vumbi tu.

Mlete.

Mama yenu,
Selina